Kufundisha Nje ya Mfumo

Nchi yetu inaitwa Twendako. Wageni wengine huuliza kama tumekaribia kufika, lakini hilo kwetu ni swali la utovu wa adabu, na aliyeuliza mara ya mwisho alisindikizwa hadi mpakani kwa heshima zote. Mimi naitwa Idrisa Malugu. Nina mashine ya kusaga nafaka pale Mbugani Juu, na ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi ya kijiji chetu. Nayasimulia haya bila kinyongo. Serikali yangu naipenda, na yenyewe huja kunijulia hali kila baada ya miaka mitano.

Mambo yalianza siku Wizara ilipopiga marufuku chaki.

Aliyetuletea habari hiyo ni Dokta Leonsi Kapalata, Mkurugenzi wa Mageuzi ya Kidijitali Darasani. Alikuja na magari matatu, moja lake, moja la mkoba wake, na la tatu sikujua la nini. Tulimfungia turubai, akasimama chini yake, akafungua karatasi.

"Ndugu wananchi, chaki ni nini? Chaki ni vumbi! Je, taifa linaweza kujengwa kwa vumbi?"

"Haliwezi!" tukajibu, ingawa madarasa yetu yote manne tumeyajenga kwa udongo.

"Walimu wetu wamekula vumbi hili tangu enzi za mkoloni. Leo nawatua mzigo! Kuanzia sasa, dunia nzima imo kiganjani mwa mtoto wa Mbugani Juu!"

Wakashusha makasha. Ndani mlikuwa na vishikwambi arobaini, vile vibao vya kioo vya kugusa kwa kidole. Vilikuwa vizuri, sina la kusema. Mtu ungeweza kujitazama humo ukachana nywele.

Ndipo Mwalimu Sikudhani Mbelwa akanyoosha mkono. Huyu alikuwa akifundisha sayansi darasa la sita, watoto mia na kumi na wawili katika chumba kimoja. Mwanamke mrefu, sauti ndogo, hutembea haraka kama mtu aliyeacha maziwa jikoni.

"Mheshimiwa," akasema, "shule yetu haina umeme."

Mkurugenzi akatabasamu. "Mwalimu, hilo ni swali zuri sana. Umeme uko Wizara ya Nishati. Mimi ni wa Elimu. Tusiingiliane."

Tukapiga makofi. Mwalimu Sikudhani hakupiga, nadhani kwa sababu alikuwa bado amenyoosha mkono.

Umeme uliokuwa karibu ulikuwa kwangu, kwenye mashine, maana nguzo zimepita barabarani. Lakini Mwongozo wa Matumizi ulikataza kabisa kishikwambi kutoka nje ya eneo la shule. Mwalimu Mkuu, Bwana Kondo Sefu, alikuwa amebakiza miaka mitatu kustaafu, na hakuna alichokiogopa duniani kama barua yenye muhuri. Alijifungia na ule Mwongozo siku tatu. Siku ya nne akaita kamati, na kwa kauli moja tukapitisha azimio kwamba mashine yangu ya kusaga ni sehemu ya shule, na itaitwa Darasa la Muda Namba Tano.

Tangu siku hiyo akina mama wanaoleta mahindi husaini kwanza daftari la wageni. Wengine wamenuna, wakahamia mashine ya kijiji cha pili. Mimi sikulalamika. Sikuwahi kufika darasa la tano maishani mwangu, na sasa nikawa nalimiliki.

Vishikwambi vikajaa chaji. Tukadhani kilichobaki ni kufundisha tu.

Kumbe kulikuwa na MFUPA. Jina lake kamili ni Mfumo wa Ufundishaji Pepe na Arifa, na sheria yake ilikuwa nyepesi: somo lisiloingizwa kwenye mfumo halikufundishwa, na somo lililoingizwa limefundishwa. Kabla ya kuanza, mwalimu aweke alama ya mahudhurio kwa kila mtoto, jina kwa jina, kisha atume makao makuu, kisha angoje kibali. Na ili kutuma, ilibidi uwe na mtandao. Mtandao wa Mbugani Juu unapatikana mahali pamoja tu, juu ya mwamba ulio nyuma ya shule. Tena usimame upande wa mashariki, na usitikisike.

Basi kila asubuhi Mwalimu Sikudhani akawa anapanda mwamba. Somo lilikuwa la dakika arobaini. Kugusa majina mia na kumi na mawili kulichukua thelathini na tano, na tano zilizobaki akingoja makao makuu yakubali. Huko chini watoto walikaa kimya mwanzoni, kisha wakapiga kelele, kisha wakazoea. Na somo lilipokwisha, kioo kikaandika kwa rangi ya kijani: *Hongera Mwalimu! Somo limefundishwa.*

Jioni moja alikuja kwangu kuvirudisha vishikwambi kwenye chaji. Viatu vyake vilikuwa vimechanika mbele.

"Mzee Malugu," akaniambia, "leo nimefundisha masomo matatu, na sijamwona mtoto hata mmoja."

"Hongera, mwalimu," nikamjibu, kwa nia njema kabisa.

Akanitazama. Nilidhani atacheka. Badala yake akakaa juu ya gunia la pumba, akafunika uso kwa mikono.

"Miaka kumi na minne, mzee. Kila mtoto niliyemfundisha najua alikwama wapi. Hawa wa mwaka huu sijui hata nani haoni vizuri, nani hana daftari. Watafika darasa la saba nikiwa bado niko mwambani nabonyeza majina yao. Na wanaonipongeza hawataki hata kuniuliza kama kuna aliyejifunza!"

Nikazima mashine ili asilie kwa kushindana na kelele.

Kilichobadilisha mambo kilikuwa kitu kidogo. Mwalimu Sikudhani ana mdogo wake, Yona, muuguzi katika hospitali ya wilaya. Siku aliyokwenda kumtembelea, Yona akamwekea katika simu yake picha za video zinazoonyesha moyo wa mtu ukipiga, umekatwa ubavuni ili uone damu inavyoingia na kutoka. Simu yenyewe ilikuwa kuukuu, kioo kimepasuka kona hadi kona. Lakini ile video haikuhitaji mtandao, haikuhitaji jina wala kibali. Unabonyeza, moyo unapiga.

Mwalimu Sikudhani alimfuata Mwalimu Mkuu akamwambia wazi kwamba yeye mwambani hapandi tena.

"Mwalimu, utaniletea barua!" Bwana Kondo akasema.

"Basi panda wewe, Mkuu. Mimi nina darasa."

Na alipanda. Mtu mzima, magoti yake yanalia kama mlango mkavu, kila asubuhi akipanda mwamba na kishikwambi cha Mwalimu Sikudhani kuweka alama kwa niaba yake. Kwa kuwa alichukia kupanda, akifika mwambani alikuwa anaweka alama za masomo ya wiki nzima, baadaye ya mwezi mzima. Kile kioo kilimpongeza vilevile.

Nami nililiona somo lenyewe la moyo kwa macho yangu, maana nilikuwa nimepeleka vishikwambi. Watoto kumi kumi walizunguka ile simu, wengine wameshika vifundo vya mikono wanahesabu mapigo kwa midomo. Ubaoni palikuwa na mchoro mkubwa, mishipa mingine myekundu, mingine ya buluu. Nilishtuka, maana chaki ilikuwa haramu. Nikasogea nikaona ni chaki ya fundi cherehani, ile bapa ya kuchorea vitambaa. Wizara ilikuwa bado haijaikumbuka.

Binti mmoja aitwaye Tausi, mwembamba, mwenye meno ya mbele yaliyoachana, aliinua macho kutoka kwenye simu.

"Mwalimu, kwa hiyo moyo haupumziki hata tukilala?"

"Haupumziki."

"Hata siku ya sikukuu?"

"Hata siku ya sikukuu, Tausi."

"Maskini," akasema Tausi, akaweka kiganja kifuani kwake kana kwamba anaubembeleza.

Darasa zima likaweka viganja vifuani. Nami niliyesimama mlangoni nimebeba kasha la vioo, nikaliweka chini nikautafuta wangu. Nilikuwa na miaka sitini na mmoja, na sikuwahi kuuliza.

Sasa kwa kuwa Mwalimu Mkuu alikuwa amekwisha kuweka alama hadi mwisho wa mwaka, ikatokea kwamba Shule ya Mbugani Juu imeongoza nchi nzima katika MFUPA. Barua ikaja yenye muhuri. Bwana Kondo alikaa nayo saa nzima bila kuifungua. Ilisema Mkurugenzi anakuja kujifunza siri ya mafanikio yetu.

Alikuja na magari matano. Darasa la sita likapangwa, vishikwambi vikagawiwa, kimoja kwa watoto watatu. Mkurugenzi mwenyewe akaamuru viwashwe. Viliwaka. Kisha kwenye kila kioo kikatokea kiduara kidogo kinachozunguka, na chini yake maneno: *Tafadhali subiri, mfumo unajihuisha.*

Tukasubiri. Kiduara kikazunguka nusu saa. Kikazunguka saa nzima.

"Angalieni kwa makini, watoto," akasema Mkurugenzi. "Mfumo unafikiri. Nanyi mjifunze kufikiri kama mfumo."

Mtoto mmoja wa mbele akalala, paji la uso juu ya kioo.

"Mwoneni huyo," Mkurugenzi akawaambia waandishi wa habari aliokuja nao. "Amezama kabisa katika somo."

Ilipopita saa moja na nusu ya kusubiri, hata wapiga picha wakaanza kukaa chini. Mkurugenzi akaona afadhali aulize maswali. Akatazama orodha ya masomo yaliyofundishwa, akasema: "Naona hapa mmemaliza mada ya moyo, asilimia mia. Nani atanieleza moyo unafanyaje kazi?"

Mikono ikanyooka kama mtama. Akamchagua Tausi.

Tausi akasimama. "Moyo una vyumba vinne, mzee. Viwili vya kulia vinapokea damu iliyochoka kutoka mwilini, vinaisukuma kwenye mapafu ikachukue hewa safi. Viwili vya kushoto vinaipokea ikirudi, vinaisukuma mwili mzima. Katikati kuna valvu, ni kama milango inayofunguka upande mmoja tu, ili damu isirudi ilikotoka. Ule mlio wa du-du unaousikia ni milango inajifunga."

Mkurugenzi alipiga makofi mpaka saa yake ikateremka mkononi. "Ajabu! Andikeni hayo! Sasa binti, waambie hawa waandishi, haya yote umefundishwa na nani? Na M... na MF..."

"Na Mwalimu Sikudhani, mzee. Kwa simu yake. Na chaki ya fundi."

Kalamu zikasimama. Mwalimu Mkuu alishika ukuta. Mkurugenzi akageuka polepole, na kusema kweli hakuwa amekasirika. Alikuwa anatafuta njia ya kutuokoa sote.

"Mwalimu," akamwambia Sikudhani kwa upole, "mtoto amechanganya, sivyo? Ni umri. Alikuwa anataka kusema kishikwambi. Sema tu kwamba amechanganya, tuendelee."

"Sema ndiyo, mwanangu," Bwana Kondo akanong'ona. Nilimsikia kutoka dirishani. "Sema ndiyo tu."

Mwalimu Sikudhani alimtazama Tausi, aliyekuwa bado amesimama, mikono nyuma, macho yake yakienda kwa mwalimu na kurudi kwa mgeni. Mtoto alijua amejibu sawa. Sasa uso wake ulianza kuwa na mashaka, kama mtu aliyeambiwa moja na moja si mbili.

"Hajachanganya," Mwalimu Sikudhani akasema. "Amesema kweli. Kaa, Tausi. Umejibu vizuri sana."

Wiki iliyofuata tuliitwa wilayani mbele ya kamati ya nidhamu ya watu watano, Mkurugenzi akiwa mwenyekiti. Mimi niliitwa kama shahidi, kwa cheo changu cha mwenye Darasa Namba Tano. Mashtaka yalisomwa kwa kusimama. La kwanza, kufundisha nje ya mfumo. La pili, kutumia kifaa cha kidijitali kisichozinduliwa. La tatu, kusababisha wanafunzi kuelewa kabla ya kibali.

"Unakubali?" mwenyekiti akauliza.

"La tatu nakubali," akasema Mwalimu Sikudhani.

Ikabidi kamati iione ile simu kama kielelezo. Mjumbe wa kwanza akaibonyeza, haikufunguka. Wa pili naye akashindwa. Wakampa mshtakiwa mwenyewe aifungue, akaifungua, akawawekea video. Wajumbe watano wakainuka vitini wakaja kumzunguka, vichwa vimegusana.

Waliitazama mara moja. Mama mmoja mstaafu, Bibi Agripina, akasema, "Hebu rudisha." Ikarudishwa. Mwingine akauliza kwa nini damu nyingine wameipaka buluu. Mwalimu Sikudhani akaeleza kwamba hiyo ni ya mchoro tu, ndani ya mwili damu yote ni nyekundu, ila moja imekoza zaidi. Akaomba karatasi, akachora. Bibi Agripina akashika kifundo cha mkono wake akaanza kuhesabu mapigo, midomo ikicheza. Yule katibu, badala ya kuandika mwenendo wa kikao, akawa ananakili mchoro.

"Na hii milango," Mkurugenzi akauliza, sauti yake imebadilika, "ikiwa haijifungi sawasawa?"

"Damu inavuja kurudi nyuma, Mheshimiwa. Moyo unalazimika kufanya kazi mara mbili. Unavimba, unachoka."

"Na mtu anavimba miguu?"

"Ndiyo. Na anakosa pumzi akilala."

Mkurugenzi akavua miwani.

"Baba yangu alikuwa analala ameketi," akasema. "Miezi sita, ameegemea ukuta. Daktari alituambia ni valvu. Nilitikisa kichwa kama niliyeelewa. Nilikuwa tayari nina shahada mbili, ningeulizaje?" Akaugusa mchoro kwa kidole. "Kumbe ni mlango tu."

Mimi nikamshukuru Mungu moyoni, nikajua kesi imekwisha, mwalimu tunarudi naye nyumbani.

Mkurugenzi akavaa miwani. "Turudi kwenye ajenda," akasema.

Kamati ikampongeza Mwalimu Sikudhani kwa somo zuri lililoeleweka, ikaagiza pongezi hizo ziingie kwenye kumbukumbu, kisha ikamtia hatiani kwa makosa yote matatu. Simu ikabaki kwao kama kielelezo. Naye akaondolewa darasani, akapewa uhamisho kwenda kuwa mtunza ghala la vifaa vya kidijitali, kilomita tisa kutoka kwetu. Humo mlikuwa na makasha mia sita ya vishikwambi vikingoja kiongozi wa kuja kuvizindua.

Tulipotoka nje hakulia kama siku ile ya pumba.

"Walielewa, Mzee Malugu," alirudia njia nzima. "Umewaona? Wote watano walielewa!"

Kamati ya shule tuliandika barua kuomba mwalimu mwingine wa sayansi. Jibu lilikuja upesi kuliko jibu lolote nililowahi kuliona. Lilisema kwamba kwa mujibu wa MFUPA, darasa letu la sita limekwisha kufundishwa masomo yote hadi mwisho wa mwaka, hivyo halihitaji mwalimu, na tukapewa pole kwa usumbufu. Bwana Kondo aliisoma mara mbili. Akasema polepole kwamba alama zile ziliwekwa na kidole chake. Kuanzia siku hiyo hakuniangalia machoni kwa muda mrefu.

Jumamosi moja nilimpelekea mwalimu unga. Ghala lake ni jumba refu la mabati, mlangoni pamebandikwa tangazo: *Ni marufuku mtu yeyote kuingia, isipokuwa siku ya uzinduzi.* Nilipokaribia nikaona watu wamejaa uwanjani. Walikuwa watoto, labda thelathini, miguu imejaa vumbi la kilomita tisa, madaftari kwapani. Mbele alisimama Tausi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mmefuata nini huku kote?"

"Mapafu," akasema Tausi. "Ulisema damu inakwenda kwenye mapafu kuchukua hewa. Hukutuambia mapafu yanaipata wapi."

Mwalimu Sikudhani alitazama barabara upande huu, akatazama upande ule. Alilisoma lile tangazo kana kwamba halikuandikwa kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akatoa ufunguo.

Ndani hamkuwa na dawati wala benchi. Kulikuwa na makasha tu, yamepangwa hadi darini. Tukayashusha, mimi nikisaidia, tukayapanga safu kwa safu, na watoto wakakaa juu yake. Yalikuwa makasha imara. Yalikuwa na kimo kizuri sana cha mtoto wa darasa la sita.

Jumamosi iliyofuata walikuja hamsini, na nyingine wakaja karibu wote.

Mwisho wa robo ya mwaka, fomu ya makao makuu ikamfikia. Nilikuwepo alipoijaza. Swali la mwisho liliuliza: *Je, vishikwambi vilivyo chini ya usimamizi wako vinatumika kufundishia?* Aliishika kalamu muda mrefu. Nyuma yake watoto, wameketi juu ya makasha, walikuwa wanavuta pumzi kwa pamoja na kuzitoa kwa pamoja, viganja vimewekwa mbavuni.

Akaandika: *Ndiyo. Vyote. Kila Jumamosi.*

Wakampelekea cheti cha pongezi.